Alaska walikubali kuhama, wakachagua pa kuhamia, alafu wakakataa kulipa: kisa cha Juneau na Willow

Kisa cha mji mkuu wa Alaska huwa kinasimuliwa kifupi sana na kila mara vilevile. Mwaka 1974 wapiga kura wakasema ndiyo, serikali ihame kutoka Juneau. 1976 wakachagua sehemu inaitwa Willow. 1978 wakakataa kutoa hela za kujenga, 1982 wakakataa tena, na Juneau ndo mji mkuu mpaka leo. Msimuliaji akimaliza hapo anasema mnaona sasa, wananchi ukiwaachia jambo kama hili wanajipinga wenyewe, bora waamue wataalamu na wabunge.

Mi siafiki hata kidogo, na nimeamua niandike kirefu kwasababu ukishika karatasi za kura zenyewe moja moja, ukasoma waliulizwa nini na lini, unaona watu wa Alaska hawakuyumba kabisa. Swali ndo liliyumba. Waliulizwa kitu kimoja kwa vipande, kipande cha wapi mwaka huu, kipande cha bei miaka minne baadae, alafu watu wakashangaa majibu hayaungani. Na kuna sharti moja dogo kwenye kura ya 1974 ambalo kwa maoni yangu ndo lililoshinda ile kura na ndo hilohilo lililoua mradi mzima baadae, watu wengi wanalipita tu bila kulisimamia.

Kwanza ueleweke mji wenyewe. Juneau ulianza kwa dhahabu, 1880, Joe Juneau na Richard Harris walifika pale baada ya Kowee, chifu wa Watlingit wa Auk, kuwaonyesha ilipo. Makao ya serikali enzi hizo yalikuwa Sitka, mji wa tangu wakati wa Warusi. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likaamua makao yahamie Juneau, ofisi zikahama 1906. Kwa wakati ule uamuzi ulikuwa na akili kabisa, hela ilikuwa kwenye migodi ya kusini mashariki, watu na mizigo walikuja kwa meli kutoka Seattle, Anchorage haikuwepo hata kwenye ramani, ilianza 1915 kama kambi ya wajenzi wa reli. Ila hakuna mwananchi wa Alaska aliyepigia kura huo uamuzi, uliamuliwa Washington.

Alafu dunia ikageuka. Reli, vita kuu ya pili na kambi zake za jeshi, viwanja vya ndege, mwishowe mafuta, vyote vikavuta watu kwenda ule ukanda wa reli wa Anchorage mpaka Fairbanks. Sensa ya 1980 Anchorage ilikuwa na watu 174,431, Juneau 19,528. Na Juneau haifikiki kwa barabara, sio kwamba barabara ni mbovu, haipo. Mbele bahari, nyuma milima na juu ya milima uwanda mkubwa wa barafu. Unaingia kwa ndege au kwa feri, siku ukungu ukishuka ndege inapita juu inaenda kutua kwingine. Na kulikuwa na saa pia, kabla ya 1983 Juneau ilikuwa mbele ya Anchorage kwa masaa mawili, yaani mtu wa Anchorage akimaliza chakula cha mchana akataka kupiga simu ofisi ya serikali, kule wanakaribia kufunga. Kwahiyo anayesema watu wa Anchorage walikuwa na tamaa tu ya kuvuta mji mkuu kwao hawatendei haki, shida ya mwananchi kutaka kumfikia mbunge wake au kusikilizwa kwenye kamati ilikuwa shida ya kweli, nauli, hoteli na siku mbili tatu za kazi, ili akae mbele ya kamati dakika tano.

Katiba ya jimbo ilipitishwa 1956 na Alaska ikawa jimbo kamili Januari 1959. Ibara ya 15 kifungu cha 20 inasema kwa sentensi moja kwamba mji mkuu utakuwa Juneau. Lakini kimewekwa kwenye zile ibara za mpito, za kuvuka kutoka utawala wa zamani kwenda jimbo, na hapo ndo ulipotokea mvutano. Anayetaka kuhama anasema hiyo ni ya muda. Anayetaka kubaki anasema ipo kwenye katiba, huwezi kuigusa mpaka ubadilishe katiba. Mahakama kuu ya Alaska ikaamua 1962, kwenye kesi ya Starr dhidi ya Hagglund, kwamba kifungu hicho hakikufunga mlango, wananchi wanaweza kuhamisha mji mkuu kwa sheria ya kawaida waliyoianzisha wenyewe kwa kukusanya saini.

Lakini katiba hiyohiyo, ibara ya 11, inasema sheria inayoanzishwa na wananchi kwa saini haiwezi kutenga fedha. Hapa naomba usome taratibu kwasababu kisa chote kimekaa hapa. Mwananchi anaruhusiwa kuandika "mji mkuu uhame". Haruhusiwi kuandika "na zitumike hela kiasi hiki". Yaani sheria zenyewe zilishalikata swali vipande viwili kabla hata mtu hajaenda kupiga kura. Sio ujinga wa mpiga kura huo, ni jinsi chombo alichopewa kilivyotengenezwa. Sababu ya hilo katazo naielewa, hawakutaka bajeti ya jimbo iamuliwe kwa kampeni, sawa, ila matokeo yake kwenye jambo kama hili ni kwamba kila kura ya "tuhame" lazima iwe kura isiyo na bei.

Kura ya kwanza ilikuja mapema sana, 1960, jimbo halina hata miaka miwili. Aliyeipigania zaidi alikuwa Robert Atwood, mchapishaji wa gazeti la Anchorage Times, mtu ambaye aliibeba hii hoja karibu maisha yake yote. Pendekezo lilikuwa mji mkuu uende ukanda wa Cook Inlet na reli, yaani jirani na Anchorage. Ikashindwa, 18,865 ndiyo na 23,972 hapana. 1962 wakarudi na pendekezo jingine, ikashindwa tena, 26,542 kwa 32,325. Sasa jiulize, kama watu wengi wanaishi huko kwenye reli, imekuwaje wakose kura mara mbili? Kwa maoni yangu jibu kubwa ni Fairbanks. Watu wa Fairbanks na vijiji vya kaskazini walikuwa hawaipendi Juneau kuwa mbali lakini walikuwa wanaiogopa Anchorage zaidi, waliona mji tayari una watu, una biashara, una magazeti, ukipewa na serikali basi kwisha, wengine wote watakuwa wasindikizaji. Bora Juneau ndogo ya mbali ambayo haimtishi mtu.

Na mi naona hii ndo inasahaulika kila siku, swali la mji mkuu uwe wapi mara nyingi kwa mpiga kura sio swali la umbali, ni swali la nani ataongezewa nguvu.

Basi 1974 waliokuwa wanataka kuhama wakawa wamejifunza. Hoja mpya ikaja na sharti: eneo jipya lisiwe ndani ya maili 30 (kama kilomita 48) kutoka Anchorage wala kutoka Fairbanks. Hilo ndo lile sharti dogo nililosema mwanzo. Kwa hesabu za kutafuta kura lilikuwa na akili sana. Fairbanks wanatulia, hampewi nyie hapewi yeye. Anchorage wanatulia, haiendi Fairbanks. Vijiji navyo vinaona mji mpya hautakuwa wa mtu yeyote. Jumlisha na hali ya wakati ule, mafuta ya Prudhoe Bay yalishagunduliwa 1968, bomba ndo linaanza kujengwa, kila mtu anajua hela inakuja. Waliokuwa hawataki kuhama walienda mahakamani pia kabla ya kura, wakasema hii ni sheria ya sehemu moja na katiba hairuhusu sheria za namna hiyo kwa saini, mahakama ikakataa hoja hiyo. Matokeo: 46,659 ndiyo, 35,683 hapana. Wameshinda kwa nafasi nzuri tu.

Lakini angalia walichokubali kiukweli. Ukikataza maili 30 kuzunguka miji miwili ya maana ya ukanda ule umekataza kila sehemu yenye ofisi, nyumba, shule, hospitali, hoteli, mabomba ya maji na uwanja wa ndege mkubwa. Imebaki misitu na vijiji. Kwahiyo ile kura ambayo kwenye karatasi ilisomeka "hamisha mji mkuu" kwa vitendo ilikuwa "jenga mji mpya kabisa kutoka zero kwenye nchi ya baridi kali". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na bei zake hazifanani hata kidogo. Kuhamia Anchorage ungeweza kuanza na majengo ya kupanga, ukahamisha idara moja mwaka huu nyingine mwaka kesho. Kuhamia msituni lazima uanze na barabara na mfereji wa maji taka kabla hata ya meza ya karani wa kwanza. Sharti lililowaunganisha wapiga kura ndo lililopandisha bei, na bei haikuwepo kwenye karatasi.

1976 ikaja kura ya kuchagua eneo. Yaliwekwa matatu, Larson Lake, Mount Yenlo na Willow, Juneau haikuwemo maana hilo lilihesabika limeshapita. Willow ikachukua zaidi ya nusu ya kura zote. Ni mahali padogo kaskazini mwa Anchorage, mwendo wa kama kilomita 110 kwa gari, barabara kuu inapita na reli inapita. Ukiyaangalia yale maeneo matatu unaona wapiga kura walichagua kwa akili ya kawaida kabisa, walichukua sehemu ambayo tayari unaweza kufika, Yenlo ilikuwa haina hata barabara. Ila pia ndo iliyokuwa rahisi kufikika kutoka Anchorage, na wale wa Fairbanks na vijijini walioridhishwa na sharti la maili 30 wakaanza kuangalia ramani upya, wakaona mji uliolindwa usiende Anchorage umeishia mlangoni kwa Anchorage. Ramani na michoro ya mji mpya ikatengenezwa, ilikuwa mizuri, watu waliona picha za mji ambao haupo na wakaulizwa kama wanautaka.

Hapo bado hakuna bei. Miaka miwili tangu waseme ndiyo, wameshachagua mpaka sehemu, na mwananchi hajaonyeshwa namba.

Namba ikaja 1978: mkopo wa hatifungani dola milioni 966. Kwa jimbo lenye watu kama laki nne, ukigawa ni zaidi ya dola 2,400 kwa kila kichwa pamoja na watoto wachanga. Na siku hiyohiyo kwenye karatasi hiyohiyo palikuwa na hoja nyingine ya wananchi, imekuja kujulikana kwa kifupi chake, FRANK (Fiscally Responsible Alaskans Needing Knowledge), ambayo ilisema kabla serikali haijatumia hela ya kuhamisha mji mkuu au bunge, gharama zote lazima zihesabiwe, zitangazwe, na wananchi wazipigie kura. Mkopo ukakataliwa vibaya sana, karibu hapana tatu kwa kila ndiyo moja. FRANK ikapita.

Sasa unganisha hizo mbili uniambie wapi wamejipinga. Walisema hela hii hatutoi, na kuanzia leo mkija na hili jambo njooni na bei yote. Haya ni majibu mawili yanayosema kitu kimoja. Mtu aliyesema ndiyo 1974 na hapana 1978 sio kigeugeu, ni mtu ambaye 1974 alionyeshwa nyumba bila bei na 1978 akaletewa bei. Mimi na wewe tungefanya hivohivo.

Bunge na serikali wakafanya FRANK ilivyotaka, wakahesabu upya, gharama zote. 1982 ikarudi kwa wananchi: zaidi ya dola bilioni 2.8 kuhamia Willow. Ukigawa kwa watu wa sensa ya 1980 ni kama dola 7,000 kila mtu. Na kuna jambo la mwaka huohuo ambalo kwangu mimi lina uzito sana, 1982 ndo mwaka Alaska walianza kuwagawia wakazi hela ya faida ya mfuko wa mafuta, cheki ya kwanza ilikuwa dola 1,000 kwa kila mkazi. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida ameshika mkononi hela ya mafuta ya jimbo lake, alafu miezi michache baadae, Novemba, anaulizwa kama anakubali serikali itumie mara saba ya hiyo kwa niaba yake ili ijenge ofisi msituni. Kabla ya hapo hela ya mafuta ilikuwa ya serikali, sasa ilikuwa na jina lake juu ya bahasha.

Na bado, hebu ona, ndiyo zilikuwa 91,249 na hapana 102,083. Hiyo ndo namba inayonishangaza kuliko zote kwenye kisa hiki. Pamoja na bei ya kutisha vile asilimia 47 walisema sawa lipeni tuhame. Kwahiyo wale wanaosema 1974 ilikuwa hasira ya kupita tu wanakosea, nia ya kuhama ilikuwa kubwa na ilikuwa ya kweli, ilizidiwa na gharama kidogo tu. Mimi naamini kabisa, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba kama 1974 wangeulizwa bila lile sharti la maili 30 wasingepata kura za kutosha, na kama 1982 wangeulizwa kuhamia mji ambao tayari upo kwa bei ndogo wangepata. Ndo mtego wenyewe huo: mahali pa bei nafuu hapakubaliki kisiasa, mahali panapokubalika kisiasa bei yake haibebeki.

Miaka michache baadae, 1986, bei ya mafuta ikaporomoka, Alaska ikapata mdororo mbaya, benki zikafa na nyumba zikashuka thamani mpaka watu wakaziacha na funguo. Kama mradi ungepita ungekuwa umefikia nusu nusu kipindi hicho. Silitaji hili kusema wapiga kura waliona mbali, hakuna aliyejua, nalitaja kwasababu watetezi wa Juneau walikuwa wanasema utajiri wa mafuta sio wa kuutegemea kujengea mji na walionekana wanatisha watu bure.

Baada ya hapo moto ulipungua ila haukuzimika. 1994 ikaja hoja ya kuhamia Wasilla, safari hii mji ambao tayari upo, karibu na Anchorage. Ikashindwa, hapana kama asilimia 55. Kwenye karatasi hiyohiyo FRANK ikaulizwa upya ikapita kwa kishindo zaidi ya mara ya kwanza. 2002 wakajaribu njia ya pembeni, mji mkuu ubaki Juneau ila vikao vya bunge vihamie eneo la Matanuska-Susitna, hukohuko upande wa Wasilla, theluthi mbili wakakataa. Chaguzi nane toka 1960, na kila palipotajwa bei, au sheria ya kuitaja bei, jibu limekuwa lilelile.

Sasa FRANK yenyewe. Naiunga mkono, ila nisiifanye kama ni malaika. Ilisukumwa kwa nguvu na watu ambao hawakutaka mji mkuu uhame, na walijua wanachofanya, ukimwonyesha mtu bei yote ya kitu kikubwa kwa mpigo mmoja atashtuka hata kama kitu kina faida. Sheria inataka zihesabiwe gharama za miaka 12, kuhamisha watumishi na ofisi, kujenga na kununua samani na riba za mikopo, majengo yasiyopungua ubora wa yaliyopo Juneau, na pia gharama za kijamii, za kiuchumi na za mazingira kwa sehemu zote mbili, inakohamia na inakotoka. Hiyo ya mwisho naipenda sana kwasababu ni mara chache sheria ikakumbuka kwamba kuna mji unaachwa. Lakini haitaki mtu ahesabu gharama ya kubaki. Nauli za miaka hiyo 12 za wabunge na wasaidizi wao, posho, vikao vilivyoahirishwa na ukungu, jengo la bunge la 1931 linalozeeka, na gharama ya mwananchi wa kijijini ambaye hajawahi kukanyaga mji mkuu wa jimbo lake maisha yake yote. Hizo zipo ila hazipo kwenye karatasi, kwahiyo mpiga kura anaona upande mmoja una bei na upande mwingine ni bure. Kubaki sio bure.

Na kuna hili la haki ambalo limenisumbua kuliko mengine. Wengi wape, sawa, lakini hapa wengi wanapigia kura kuhamishia kwao ajira ya wachache. Mtu wa Juneau kazi yake, nyumba yake aliyokopea, duka lake, vyote vimesimama juu ya serikali kuwepo pale. Mtu wa Anchorage akishindwa hii kura anaendelea kupanda ndege kama zamani. Mmoja akishindwa anapoteza mji na mwingine akishindwa anapoteza nauli, na kura zao zina uzito sawa. Sisemi watu wa Juneau wapewe kura ya turufu, jimbo sio lao peke yao. Nasema fidia kwa mji unaoachwa ilitakiwa iwe sehemu ya pendekezo lenyewe tangu 1974, sio kitu cha kuja kudaiwa baadae. Kama wanaotaka kuhama wangekuja na hilo mezani mapema nadhani hata baadhi ya wapinzani wangelegea, kwasababu upinzani wa Juneau ulikuwa mkali vile maana kwao hakukuwa na kitu cha nusu, ni kubaki au kufa.

Ukilinganisha na majimbo mengine ya Marekani yaliyowahi kupigia kura mji mkuu unaona Alaska ilikosa nini. Oklahoma, 11 Juni 1910, wapiga kura waliwekewa Guthrie, Oklahoma City na Shawnee, Oklahoma City ikashinda kwa mbali, na gavana Charles Haskell hakusubiri hata siku mbili, muhuri wa jimbo ukabebwa usiku na kesho yake anafanya kazi kutoka hotelini. Sheria ya Bunge la Marekani ilikuwa imesema makao yabaki Guthrie mpaka 1913, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na 1911 ikaamuliwa kwamba jimbo lina haki ya kuchagua makao yake lenyewe. Yote yaliwezekana kwasababu Oklahoma City ilikuwa mji tayari, una hoteli ya kukaa gavana. Montana 1894 ilikuwa Helena na Anaconda, miji miwili iliyopo, matajiri wawili wa shaba Marcus Daly na William Clark wakamwaga hela kila mmoja upande wake, Helena ikashinda kwa kura zisizofika elfu mbili. Hiyo kampeni ilikuwa chafu kwa kila kipimo, lakini ikaisha siku hiyohiyo, hakuna aliyerudi miaka minne baadae na bili. Mpiga kura alikuwa anachagua kati ya miji, na Willow haikuwa mji.

Kama ningepewa kuandika karatasi ya Alaska leo ningeweka swali moja lenye njia tatu: kubaki Juneau na bei yake ya miaka 12 imeandikwa, kuhamia mji uliopo uliotajwa kwa jina na bei yake, kuhamia eneo jipya na bei yake, na kwenye hizo mbili za kuhama fidia ya Juneau imeshajumlishwa ndani. Zipangwe kwa namba, chaguo la kwanza na la pili, ili kura za kuhama zisigawanyike. Ingehitaji bunge liandae, maana hoja ya saini haiwezi kutenga fedha, na bunge halijawahi kuonyesha hamu ya kujipa kazi hiyo.

Wakati hayo yote yakiendelea kuna kuhama kwingine kulikuwa kunafanyika polepole. Nafasi za kazi za idara zimekuwa zikihamia Anchorage moja moja, mtu wa Juneau akistaafu nafasi yake inatangazwa Anchorage, makamishna wa idara wengine wanaishi Anchorage na kwenda Juneau bunge likiwa linakaa tu. Watu wa kule wameshaipa jina, wanaiita "capital creep", yaani mji mkuu unaohama kwa kutambaa. Vikao vinarushwa mubashara, mwananchi anaweza kutoa ushahidi kwa simu kutoka ofisi ya bunge iliyo karibu yake, saa za Juneau na Anchorage zimefanywa kuwa moja toka 1983. Kila mwaka sababu ya kuhama inapungua kidogo na kinachobaki Juneau nacho kinapungua kidogo. FRANK inalinda mji mkuu na bunge visihamishwe bila kura, ila haisemi kitu kuhusu karani mmoja, alafu mwingine, alafu mwingine, na katika chaguzi zote nane hakuna karatasi iliyowahi kuwauliza wananchi kuhusu hao makarani.